Leza, Mfupa na Kitenzi "Kukata": Deni la Wanakiswahili kwa Wagonjwa wa Kisii na Nyamira

Katika hospitali za Kisii na Nyamira, kama ilivyo katika hospitali nyingi nchini Kenya, kitenzi "kukata" hubebeshwa mzigo unaokizidi nguvu. Daktari akitaka kuchukua kipande kidogo cha uvimbe ili kipelekwe maabara, mgonjwa huambiwa kwamba atakatwa. Akitaka kuuondoa uvimbe wote pamoja na sehemu ya mfupa huku akiunusuru mguu, mgonjwa huambiwa kwamba atakatwa. Akitaka kuuondoa mguu wenyewe kuanzia pajani, mgonjwa huambiwa vilevile kwamba atakatwa. Vitendo hivi vitatu havifanani hata kidogo. Cha kwanza huacha kovu dogo. Cha pili huhitaji upasuaji wa saa nyingi na miezi ya kujifunza upya kutembea. Cha tatu hakirudishiki. Si ajabu basi kwamba mzazi aliyelisikia neno hilo likitamkwa mara tatu, kwa sauti ile ile na bila maelezo, huamua kumrudisha mtoto nyumbani kabla hata ya kipande cha kwanza kuchukuliwa.

Makala haya yanahusu saratani ya mifupa, mwanga wa leza na kitenzi hicho. Huenda msomaji akajiuliza mambo hayo yamekutanaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Yamekutana kwa sababu sayansi mpya ya kutumia leza kuzisoma tishu wakati wa upasuaji wa mfupa inajaribu kulijibu swali moja tu: ugonjwa unakomea wapi, na uzima unaanzia wapi? Hilo ndilo swali la daktari mwenye kisu mkononi. Ndilo pia swali la mzazi aliyeketi nje ya chumba cha upasuaji. Hata hivyo, wawili hao hawana lugha ya kuliulizana, na wanaostahili kuulizwa sababu ni wasomi wa Kiswahili.

Ni vyema kwanza ugonjwa wenyewe ueleweke. Saratani inayoanzia ndani ya mfupa ni nadra ikilinganishwa na ile ya matiti, ya mlango wa kizazi au ya umio. Inayojulikana zaidi ni osteosakoma, ambayo aghalabu huwapata vijana walio katika umri wa kurefuka kwa kasi, na hupenda kukaa karibu na goti: chini ya mfupa wa paja au juu ya muundi. Umri huo ndio wa kucheza kandanda, kupanda miti na kuanguka. Kwa hiyo maumivu yakianza, lawama huwekwa juu ya teke la uwanjani. Goti hukandwa kwa maji moto, hupakwa dawa ya misuli, hupelekwa kwa mtaalamu wa kuunga mifupa, kisha hukandwa tena. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku na uvimbe usiopungua baada ya majuma kadhaa si dalili za teke, lakini ni nani aliyewahi kuyatamka hayo kwa Kiswahili katika mkutano wa wazazi wa shule? Wakati picha ya eksirei inapopigwa, ugonjwa huenda umekwisha kusafiri hadi mapafuni, ambako ndiko unakopenda kuhamia.

Zamani, kabla ya tibakemikali kuingizwa katika matibabu ya ugonjwa huu katika miaka ya 1970, mguu uliondolewa na bado wagonjwa wengi walifariki. Waliopona kwa kisu pekee hawakufikia hata mmoja kati ya watano. Leo, pale ambapo tiba yote inapatikana na ugonjwa haujasambaa, takriban sita au saba kati ya kumi huishi zaidi ya miaka mitano. Kijana wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 18 kutokana na ugonjwa huu. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti, akasimamishwa baada ya siku 143 saratani ilipoonekana mapafuni, na akafariki mwezi Juni mwaka 1981. Mbio za kumkumbuka zimefanyika katika nchi nyingi. Jina la ugonjwa uliomuua, hata hivyo, bado halina nyumba katika mazungumzo ya Kiswahili.

Ipo pia kondrosakoma, ambayo huanzia kwenye gegedu na kuwapata zaidi watu wazima. Hiyo kwa kawaida haisikii tibakemikali na haitishwi sana na mionzi. Silaha ya kutegemewa ni kisu. Iwapo kisu kimeacha nyuma hata chembe ndogo ya ugonjwa, uvimbe hurudi. Kwa mgonjwa wa aina hii, suala la ukingo ndilo suala lote.

Hapa ndipo neno "saratani" linapostahili kutazamwa upya. Wakenya wengi mitaani husema "kansa", na wanahabari huandika "saratani". Maneno yote mawili, moja kwa njia ya Kilatini na jingine kwa njia ya Kiarabu, asili yake ni mnyama mmoja: kaa. Wayunani wa kale waliufananisha uvimbe na kaa kwa sababu ya mishipa iliyotanda pembeni mwake mithili ya miguu. Mwenyeji wa Lamu anamjua kaa wa mikoko. Mwenyeji wa bonde la mto Gucha anamjua kaa wa mtoni aliyejificha chini ya jiwe. Wote wawili wanafahamu kwamba gamba la kaa huonekana upesi, lakini miguu yake hukunjwa na kufichwa. Jina la ugonjwa tayari limebeba swali la mpasuaji: gamba limeonekana, miguu inafika wapi? Inasikitisha kwamba utajiri huo wa maana umelala ndani ya neno linalotamkwa kila siku bila mtu kuufungua.

Mpasuaji anayeuondoa uvimbe wa mfupa hakusudii kuchukua uvimbe peke yake. Huchukua pia tabaka la nyama na mfupa mzima unaouzunguka, ili asiache miguu ya kaa nyuma. Mkulima wa Nyamira hahitaji mhadhara kulielewa jambo hilo. Gugu lenye mizizi inayotambaa haling'olewi kwa kushika majani. Huchimbwa pamoja na udongo wake. Ila katika nchi ya Abagusii udongo ni haba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mengine yamebaki vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka barabarani hadi mtoni, na kesi za mipaka hazikauki kwa machifu. Hapo kila hatua moja ya ardhi ina mwenyewe na ina thamani. Ndivyo ulivyo mwili wa kijana karibu na goti. Ukichimba kidogo mno, gugu hurudi. Ukichimba mno, goti limekwenda, au mshipa mkubwa wa damu, au neva inayouinua wayo. Anayejua mpaka kwa usahihi huokoa ardhi.

Sasa, mpasuaji huujuaje mpaka huo? Kabla ya upasuaji hutazama picha, hasa za MRI palipo na mashine hiyo. Wakati wa upasuaji hutegemea macho, vidole na uzoefu. Katika saratani za viungo laini ipo njia ya kugandisha kipande cha nyama kwa baridi kali, kukikata vipande vyembamba na kukitazama kwa hadubini mgonjwa akiwa bado mezani. Majibu hupatikana kabla ya saa moja kwisha. Mfupa huikataa njia hiyo. Ni mgumu. Lazima kwanza uloweshwe katika dawa ya kuyeyusha kalsiamu, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Jibu kuhusu ukingo hufika mgonjwa akiwa amekwisha kushonwa na kurudishwa wodini. Likisema kwamba ukingo haukuwa safi, kilichobaki ni kurudi mezani au kusubiri kwa hofu.

Leza imeingia kupitia ufa huo. Chanzo chake ni ugunduzi wa Mhindi C. V. Raman, aliyeonyesha huko Kalkuta mwaka 1928 kwamba mwanga ukipiga kitu, sehemu ndogo sana ya mwanga huo hurudi ikiwa imebadilika rangi. Alituzwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930. Sehemu hiyo ni ndogo mno: chembe moja ya mwanga kati ya takriban milioni kumi. Lakini badiliko lake si la kubahatisha. Hutegemea molekuli zilizopigwa. Kila aina ya molekuli huurudisha mwanga na saini yake. Raman alianza na mwanga wa jua. Theodore Maiman alipoiwasha leza ya kwanza mwaka 1960, wanasayansi walipata mwanga wa rangi moja, wenye nguvu na unaonyooka, na saini zile zikaanza kusomeka vizuri zaidi.

Mfupa una saini zinazojitokeza waziwazi. Madini yake ya fosfati hutoa mstari mkali, nayo kolajeni, ile protini inayoushikilia mfupa kama fito zinavyoushikilia udongo wa ukuta, hutoa mistari yake. Uvimbe wa osteosakoma hujenga mfupa wake kwa pupa: madini na kolajeni haviwiani kama katika mfupa mzima, na seli hujazana. Kwa kuulinganisha uwiano huo, kompyuta iliyofunzwa kwa mifano mingi huweza kupendekeza kama mahali palipoguswa ni pa uvimbe au pazima. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa chembamba kama kalamu, na jibu lake huja kwa sekunde chache. Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya kukitumia kifaa cha namna hiyo ndani ya vichwa vya wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa uvimbe wa ubongo. Katika mfupa, kazi kubwa ingali ya maabara na ya majaribio. Yafaa hilo lisemwe bila kificho, maana wauzaji wa matumaini hawakosekani.

Kifaa hicho kina mipaka yake chenyewe. Husoma kina kifupi tu. Damu humchanganya msomaji, na taa za chumba cha upasuaji pia. Kompyuta hujua yale tu iliyofunzwa. Ikifunzwa kwa mifupa ya watu wa mbali na kuletwa kwa wagonjwa ambao hufika wakiwa wamechelewa, itahitaji kufunzwa upya. Wala hakimwondoi mwanapatholojia. Humtangulia tu, kisha yeye huja kuthibitisha.

Lakini sayansi hii si ngeni Kenya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo mwanafizikia Zephania Birech, walichapisha utafiti wa kutumia mwanga wa Raman kuutambua ugonjwa wa kisukari katika damu. Huo haukuwa mfupa, na haikuwa saratani, ila mkono unaoshika kifaa ni wa nyumbani. Anayedai kwamba mambo haya ni ya Ulaya pekee hajatembea hadi Chiromo.

Tena, Abagusii ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kuambiwa kwamba upasuaji wa mfupa ni jambo la kuletwa. Kwa vizazi vingi walikuwa na ababari, wapasuaji wa kienyeji wa vichwa. Mmoja wao huitwa omobari omotwe. Mtu aliyepigwa kichwani na kuandamwa na maumivu yasiyokoma alipelekwa kwa omobari, ambaye aliifungua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa kidogo kidogo kwa kisu au kikwangulio. Daktari J. G. Grounds aliuandika ustadi huo mwaka 1958, na Edward Margetts, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, akauandika kwa mapana katika miaka ya 1960. Hakuna haja ya kuupamba ustadi huo. Ulikuwa na hatari zake, na wapo walioupoteza uhai. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba omobari alikwangua badala ya kutoboa kwa pigo moja, kwa kuwa chini ya mfupa kuna utando wa ubongo ambao hautakiwi kuguswa. Ujuzi wake wote ulikuwa katika kujua pa kukomea. Swali la leza alikuwa nalo. Alilijibu kwa ncha ya kisu na kwa kidole.

Je, alilijibu kwa maneno gani? Bila shaka alikuwa na jina la kila tabaka alilolikwangua, jina la ufa aliokuwa akiufuata, jina la hali inayomwambia asimame, na maneno ya kuwaeleza jamaa waliomshika mgonjwa. Walioandika waliandika kwa Kiingereza, kwa ajili ya madaktari wenzao. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo anayetafuta istilahi za upasuaji huanza na kamusi ya Kiingereza kana kwamba hapakuwahi kuwa na mpasuaji kati ya Manga na Borabu. Iwapo wapo wazee wenye kumbukumbu ya kazi hiyo, kila mwaka unaopita bila kuwasikiliza ni hasara ya isimu kabla ya kuwa hasara ya historia.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Hizo ni kazi za heshima. Tatizo ni kwamba istilahi iliyomo kamusini na neno linalotamkwa kitandani pa mgonjwa ni vitu viwili. Kamusi humsaidia mtu anayejua Kiingereza kulipata neno la Kiswahili. Muuguzi wa Nyamira ana safari nyingine kabisa: anajua anachotaka kufanya, mbele yake yuko nyanya mwenye wajukuu watatu na hofu moja, naye anahitaji kitenzi ambacho nyanya huyo atakielewa kabla hajainuka kitini. Aghalabu mazungumzo hupita katika lugha tatu. Daktari huandika kwa Kiingereza, muuguzi hueleza kwa Kiswahili, na jamaa mmoja humalizia kwa Ekegusii. Kila daraja hudondosha kitu. Linalofika upande wa pili mara nyingi ni neno moja tu, nalo ni "kukata".

Na kitenzi hicho si peke yake. "Mionzi" nayo hutumika kwa eksirei inayopiga picha, kwa tiba inayoua seli za saratani na, leza ikija, itatumika kwa mwanga usiofanya lolote ila kusoma. Watu wengi huiita tiba ya mionzi "kuchomwa". Mgonjwa akiambiwa kwamba wakati wa upasuaji mfupa wake utapigwa mionzi ya leza, atasikia kwamba mfupa wake utachomwa. Ugumu zaidi ni kwamba wakati mwingine atakuwa amesikia sawa, kwa maana zipo leza zinazokata nyama, na zipo zinazounguza nukta ndogo kabisa ya tishu ili mvuke wake usomwe. Neno "leza" pekee halitoshi kumlinda mtu na hofu wala na udanganyifu.

Bado Kiswahili si maskini. Kinachokosekana ni bidii ya kugawa kazi. Kipo kitenzi "kumega". Mtu humega tonge la ugali, na sahani hubaki. Hicho kingefaa sana kwa kitendo cha kuchukua kipande cha uchunguzi: daktari anamega kipande, uvimbe na mguu vinabaki palepale. Kipo "kung'oa", ambacho mkulima hukitumia kwa gugu na mzizi wake. Kingefaa kwa kuuondoa uvimbe pamoja na ukingo wake. "Kukata" kibakie kwa kukata mguu, na kisionewe haya. Wapo wanaopendelea kulainisha kwa kusema "kuondoa kiungo" au "kusaidia mguu". Ulainishaji huo ni ukatili wenye adabu. Mzazi anapaswa kusikia neno lenye makali pale tu ambapo kuna makali. Kwa upande wa mwanga, kipo "kumulika". Anayemulika kwa tochi haunguzi, anatafuta. Leza ya kumulika na leza ya kuchoma zingekuwa vitu viwili tofauti masikioni mwa mtu yeyote, awe Keroka au Kilifi.

Neno la ukingo wenyewe lina ushindani. Wasomi watapendekeza "pambizo", kwa kuwa wanalijua kutoka ukurasa wa kitabu. Pambizo ni neno zuri ambalo halijawahi kutoka nje ya karatasi. "Ukingo" lina mto na lina shimo ndani yake, na lingefaa katika ripoti ya maabara: ukingo safi, ukingo usio safi. Lakini katika mazungumzo na mgonjwa wa Kisii, hakuna neno linaloweza kushindana na "mpaka". Ni neno ambalo kila boma limelilipia, kwa fedha au kwa machozi.

Wapo watakaopinga kwamba haya yote ni anasa. Watasema kwamba wanapatholojia nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Kwamba mgonjwa wa Kisii anayehitaji upasuaji mgumu wa mfupa bado hujikuta akifikiria safari ya takriban kilomita 300 hadi jiji kuu. Kwamba mahali ambapo eksirei ya mapema ingeokoa miguu mingi kuliko leza yoyote, kuzungumzia mwanga wa Raman ni kumvisha tai mtu asiye na shati. Pingamizi hili lina uzito, na kwa sehemu kubwa ni la kweli. Kama fedha ni za kununulia kitu kimoja tu, zinunue kwanza picha za mapema, tibakemikali isiyokatika katikati na mishahara ya wataalamu wa maabara. Leza isubiri zamu yake.

Maneno, kinyume na mashine, hayana haja ya kusubiri. Kumega, kung'oa na kukata vinahitajika leo hii kwa tiba iliyopo, hata kama leza haitafika Kisii kwa miaka ishirini. Mzazi anayekataa kipande kimegwe kwa sababu alisikia mguu utakatwa hupoteza miezi ambayo hakuna mashine itakayoirudisha. Na leza itakapofika, kama ilivyofika simu ya mkononi, haitangoja kamati ya istilahi. Itakuja na majina ya kampuni iliyoiunda, na wauguzi watalazimika kuokoteza.

Sheria nayo ipo upande wa mgonjwa. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mhudumu, panapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Sheria hiyo haikusema Kiswahili, na ni vizuri kwamba haikusema. Mgonjwa wa kijijini anayeelewa Ekegusii pekee anastahili Ekegusii. Hata hivyo, muuguzi aliyetoka Kakamega au Machakos atakifikia Ekegusii kwa kupitia Kiswahili, na kama Kiswahili chenyewe kimejaa ukungu, ukungu huo ndio utakaotafsiriwa.

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, kila mwaka huwa na mashairi, mavazi ya pwani na hotuba kuhusu idadi ya wasemaji. Idadi hiyo hukua kila hotuba. Ni nadra kusikia hotuba inayouliza ni wangapi kati ya mamilioni hao waliowahi kutia saini au kidole gumba kwenye fomu ya upasuaji waliyoielewa.

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kina wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa sayansi za afya katika mji mmoja. Hao wa kwanza huandika tasnifu nyingi kuhusu usawiri wa wahusika katika riwaya, na riwaya hazitakwisha. Tasnifu moja tu kati ya kumi ingeweza kukaa wodini, kwa idhini ya hospitali na ya wagonjwa, na kurekodi jinsi wauguzi wanavyolieleza neno "biopsi" siku ya Jumatatu asubuhi wakati foleni ni ndefu. Hakuna shaka kwamba wauguzi wengine wamekwisha kubuni maneno mazuri kuliko yaliyopendekezwa hapa, kwa sababu shida ni mwalimu mkali. Kazi ya msomi ni kuyakusanya, kuyapima kwa wagonjwa wenyewe, kuyalinganisha na yale ya Ekegusii, na kuyapeleka kwa wanaochapisha fomu za ridhaa.

Fomu hiyo haihitaji kuwa ndefu. Sehemu ya kwanza yaweza kusomeka hivi: "Leo daktari atamega kipande kidogo cha uvimbe ulio kwenye mfupa wa mtoto wako ili kichunguzwe. Mguu hautakatwa leo." Ya pili, kwa siku nyingine: "Daktari atang'oa uvimbe pamoja na sehemu ya mfupa mzima unaouzunguka, ili ugonjwa usibaki. Akishindwa kuupata mpaka, atakueleza kabla ya kufanya jambo jingine." Nayo ya tatu, ambayo itaongezwa ikiwa kifaa kitafika: "Mfupa utamulikwa kwa mwanga ili kuutafuta mpaka wa ugonjwa. Mwanga huu hauchomi." Nyanya wa Nyamira akisomewa fomu hii huenda akasahihisha neno moja au mawili, na neno lake liandikwe.